Kwa Nini Marejeleo ya Wanafunzi Hayakai Sawa: Dalili, Visababishi na Tiba

Mkato unaokosekana kwenye orodha ya marejeleo mara nyingi ni dalili tu. Mwalimu anauweka kwa wino mwekundu, mwanafunzi anauongeza kwenye kompyuta, na kazi inayofuata inarudi na kosa lile lile kwenye kitabu kingine. Aliyesahihishwa ni mkato, si mwanafunzi.

Katika mtindo wa APA (wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), ambao ndio unaotumika hapa, kila rejeleo hujibu maswali manne kwa mpangilio mmoja: nani, lini, nini, wapi. Toleo la saba la APA lilitoka Oktoba 2019, ingawa chapa yake ina mwaka 2020. Tazama:

Kezilahabi, E. (1971). *Rosa Mistika*. East African Literature Bureau.

Nani: Kezilahabi. Lini: 1971. Nini: *Rosa Mistika*. Wapi: mchapishaji. Kila jibu linafungwa na nukta, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujikagua kwa kuhesabu majibu manne yaliyofungwa, hata kama hajakariri kanuni yoyote. Unaposahihisha, usirekebishe alama. Andika pembeni herufi ya swali lililokosewa: N kwa nani, L kwa lini, K kwa jina la kazi, W kwa wapi, kisha mrudishie atafute mwenyewe. Ukiona orodha nzima imejaa W, umejua cha kufundisha wiki ijayo.

Dalili: ukurasa mmoja una mitindo mitatu

Aya ya kwanza ina (Kezilahabi, 1971, uk. 45), ya pili ina Kezilahabi (1971:45), ya tatu ina tanbihi chini ya ukurasa. Mwanafunzi huyu hajazembea. Amenakili kila umbo mahali alipolikuta: la kwanza kwenye kijitabu cha stadi za mawasiliano, la pili kwenye makala ya fasihi ya Kiswahili, ambako nuktapacha kabla ya ukurasa imezoeleka sana, la tatu kwenye kitabu cha historia. Kila alichonakili ni sahihi kilikotoka.

Tiba iko kwa idara kabla ya kuwa kwa mwanafunzi. APA imeandikwa kwa Kiingereza na haisemi lolote kuhusu vifupisho vya Kiswahili, kwa hiyo lazima mtu aamue na aandike uamuzi huo kwenye karatasi ya ukurasa mmoja. Mambo ya kuamua si mengi: "na" au alama ya & kati ya waandishi wawili; "uk." kwa ukurasa mmoja na "kur." kwa kurasa nyingi, "na wenzake" badala ya *et al.*, "mh." na "wah." kwa wahariri, "b.t." kwa kazi isiyo na tarehe, na kama mji wa uchapishaji unaandikwa au la.

Hilo la mji ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Toleo la sita la APA liliutaka, toleo la saba limeuondoa. Mhadhiri aliyesoma zamani anakata alama kwa kukosekana "Nairobi:", na mwanafunzi aliyetazama mwongozo mpya anaona ameonewa. Wote wawili wana kitabu mkononi. Kwa "na" dhidi ya &, pendekezo letu ni "na" kila mahali, ndani na nje ya mabano. Sentensi ya Kiswahili inasomeka vizuri zaidi hivyo, na kanuni moja hukumbukwa kuliko mbili.

Dalili: jina limepinduka au limekatwakatwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu kanuni ya "jina la ukoo kwanza, kisha herufi za majina mengine" ilitungwa kwa majina ambayo si ya kwetu.

*"Kiswahili, T. ya U. wa."* Huu ni mwandishi asiyekuwapo duniani. Programu ya marejeleo imepewa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaichukulia kama mtu, ikalifanya neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwenye Zotero, mojawapo ya programu hizo, kando ya sehemu ya mwandishi pana kitufe kidogo kinachobadilisha visanduku viwili vya jina kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina zima la taasisi, na rejeleo litatoka hivi:

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. (2004). *Kamusi ya Kiswahili sanifu* (Toleo la 2). Oxford University Press.

Katika matini, mara ya kwanza andika (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili [TUKI], 2004), kisha (TUKI, 2004). Usimruhusu mwanafunzi aandike TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) kwa kitabu cha 2004 kwa sababu tu ndilo jina la sasa. Kazi hurejelewa kwa jina lililochapwa juu yake.

Kanuni hiyo hiyo inatatua suala la Penina Muhando na Penina Mlama. Ni mtu mmoja. Tamthilia zake za miaka ya 1970 zimechapwa kwa jina la Muhando, na kitabu chake cha 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo kina jina la Mlama. Mwanafunzi anayejua hilo huona ni busara kuyaunganisha. Asiyaunganishe: msomaji atakayekwenda maktaba kutafuta tamthilia chini ya Mlama anaweza kurudi mikono mitupu.

*"Thiong'o, N. W."* Neno "wa" limegeuzwa kuwa jina la kati. Ngũgĩ wa Thiong'o maana yake ni Ngũgĩ mwana wa Thiong'o, na katalogi kubwa za maktaba humpanga chini ya herufi N, kwa Ngũgĩ. Wapo wanaoandika "wa Thiong'o, N." kwa kufuata APA neno kwa neno. Idara ichague moja. Herufi W peke yake, hata hivyo, ni kosa kwa kila mtindo. Wanafunzi wakielewa hilo wataacha pia kuandika "b." kwa bin au binti.

*Robert, S. au Shaaban Robert?* Utayakuta yote mawili katika kazi za wataalamu. Robert ni jina la baba yake, na kwa kanuni kavu ya APA "Robert, S." ni sahihi. Tatizo la kweli ni mwanafunzi anayeandika "Robert, S." kwenye orodha na (Shaaban, 1951) ndani ya aya. Msomaji akishuka kwenye orodha kutafuta Shaaban hampati. Neno la kwanza ndani ya mabano lazima liwe neno la kwanza kwenye orodha. Ukiwafundisha hilo tu kuhusu majina, nusu ya makosa yataondoka.

*Mwandishi mmoja amepotea.* Kitabu cha 1995 kuhusu Kiswahili, dola na jamii kiliandikwa na Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui. Mwanafunzi anaona "Mazrui na Mazrui", anadhani ni kosa la uchapaji, anafuta mmoja. Ndani ya matini ni (Mazrui na Mazrui, 1995) bila herufi za mwanzo. Herufi hizo zinahitajika tu pale orodha yako ina kazi tofauti ambazo waandishi wao wa kwanza wana jina moja la ukoo.

Kwa waandishi watatu au zaidi, toleo la saba linataka jina la kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza katika matini. Kwenye orodha yenyewe huruhusiwi kufupisha hivyo: andika wote mpaka 20. Mwanafunzi anayeweka "na wenzake" kwenye orodha amechanganya sehemu mbili zenye kazi tofauti.

Dalili: waliotajwa ndani hawamo kwenye orodha, au kinyume chake

Kisababishi ni kuandika orodha usiku wa mwisho, kwa kumbukumbu. Dawa ya kudumu ni kuingiza rejeleo siku ile ile chanzo kinaposomwa, lakini kwa kazi iliyokwisha kuandikwa fanya hivi:

1. Fungua kidirisha cha kutafuta kwenye Word na utafute "19", kisha "20". Kila rejeleo la APA lina mwaka, kwa hiyo karibu yote yatajitokeza, yakiwemo yale yaliyo nje ya mabano. Yasiyo na tarehe yatafute kwa "b.t."
2. Kwa kila unalolikuta, weka alama ya vema kwa kalamu kwenye orodha iliyochapwa.
3. Jina lisilo na alama mwishoni linaondoka, au linatafutiwa aya inayolihitaji kweli.
4. Jina lililo ndani lakini halimo kwenye orodha linaandikwa hapo hapo, kabla ya kuendelea.

Tasnifu ya kurasa 80 hukaguliwa hivi kwa saa chache. Wanafunzi hulalamika kuhusu hatua ya pili, kwamba karatasi ni ya kizamani, lakini anayepandisha na kushusha ukurasa kwenye skrini ya simu huruka majina bila kujua.

Dalili: (Nyerere, 1968) anaonekana kusema mambo mawili yasiyofanana

Nyerere alitoa vitabu viwili mwaka 1968, vyote kwa Oxford University Press: *Freedom and Socialism* na *Ujamaa: Essays on Socialism*. Rejeleo (Nyerere, 1968) halitoshi kumwambia msomaji ni kipi. Herufi ndogo hugawiwa kwa mpangilio wa alfabeti wa majina ya vitabu, si kwa kipi ulikisoma au kukitaja kwanza: cha kwanza ni 1968a, cha pili ni 1968b. Herufi iwepo kwenye orodha na ndani ya matini. Mwanafunzi akiongeza kitabu cha tatu cha mwaka huo huo siku moja kabla ya kukabidhi kazi, herufi zote zinaweza kusogea, na hapo anayetumia programu hulala mapema.

Dalili: orodha ina wakongwe ambao mwanafunzi hajawahi kuwashika

Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana orodha yenye Saussure wa 1916 kwa Kifaransa. Ukimuuliza kitabu kilikuwa na rangi gani, anacheka. Alikutana na dai hilo ndani ya kitabu kingine na akaona si adabu kumwacha mwenye hoja.

Nia yake ni nzuri, umbo ndilo baya. Tuseme amesoma hoja ya Whiteley ya 1969 ndani ya Mazrui na Mazrui. Ndani ya aya ataandika: Whiteley (1969, kama alivyonukuliwa katika Mazrui na Mazrui, 1995). Kwenye orodha ataingia Mazrui na Mazrui peke yao. Orodha ya marejeleo ni ya ulivyovisoma. Akitaka Whiteley aingie, maktaba iko wazi.

Nukuu za namna hii zikizidi mbili au tatu katika kazi moja, tatizo limeshatoka kwenye marejeleo na kuwa la usomaji.

Dalili: mfasiri amemeza mwandishi

"Nyerere, J. K. (1969). *Mabepari wa Venisi*." Nyerere alifasiri, Shakespeare ndiye aliyetunga:

Shakespeare, W. (1969). *Mabepari wa Venisi* (J. K. Nyerere, Mfas.). Oxford University Press. (Kazi asilia ilichapishwa 1600)

Ndani ya matini: (Shakespeare, 1600/1969). Angalia kwamba jina la mfasiri ndani ya mabano halipinduliwi.

Dalili: herufi kubwa kila mahali, au HERUFI KUBWA TUPU

Majalada ya vitabu hupenda herufi kubwa, na mwanafunzi hunakili jalada. APA inataka jina la kitabu au makala liandikwe kama sentensi: herufi kubwa kwa neno la kwanza, neno la kwanza baada ya nuktapacha, na majina mahususi. Kwa hiyo *Kamusi ya Kiswahili sanifu*: Kiswahili hubaki na K kubwa, sanifu hushuka. Jina la jarida ni kinyume, maneno yake makuu hubaki na herufi kubwa.

Mlazo, yaani herufi zilizoinama, nao una mantiki inayofundishika kwa sentensi moja: kinacholala ni kile unachoweza kukikamata mkononi. Kitabu kinalala. Jarida linalala pamoja na namba ya juzuu. Makala ndani ya jarida na sura ndani ya kitabu havilali. Kwenye mtihani wa kuandika kwa mkono, piga mstari chini badala ya mlazo.

Dalili: "Google (2023)", au kiungo chenye urefu wa mistari minne

Google ni mlango wa maktaba, na mlango haurejelewi. Mwambie mwanafunzi afungue ukurasa wenyewe na ajibu maswali manne kutoka humo. Kiungo kirefu chenye alama za asilimia mara nyingi ni cha matokeo ya utafutaji au cha kuingilia kwenye hifadhidata ya chuo, na mtu aliye nje ya chuo hawezi kukifungua.

Kwa makala ya jarida tafuta DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ambayo kwa kawaida iko juu au chini ya ukurasa wa kwanza. Iandikwe kama kiungo kamili, bila nukta mwishoni:

Watson, J. D. na Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. *Nature*, *171*(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Maneno "imepatikana tarehe fulani kutoka" hayahitajiki tena, isipokuwa kwa ukurasa unaobadilika kila mara na ambao hauna nakala iliyohifadhiwa.

Dalili: rejeleo ni zuri mno

Mikato yote ipo, mlazo upo, DOI ipo, na makala haipo. Roboti za mazungumzo hutunga marejeleo yenye sura kamili: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo hakuna aliyeiandika. Kosa hili halionekani kwa kuangalia umbo, na ndiyo sababu ya kutotoa alama zote kwa umbo pekee. Chagua marejeleo matatu kwa kubahatisha katika kila kazi. Bandika DOI kwenye doi.org uone kama inafungua makala yenye jina hilo hilo. Isipofungua, tafuta jina la makala likiwa ndani ya alama za kunukuu. Kwa kitabu, mwombe mwanafunzi picha ya ukurasa aliounukuu. Waambie mapema kwamba utafanya hivyo.

Dalili: programu imetumika na bado kumeharibika

Programu hupanga ulichoipa. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar huleta wakati mwingine mwaka wa chapa nyingine au jina la mwandishi lililokatwa, na matoleo mengi ya Word yana APA ya sita ndani yake, si ya saba. Kagua kila rejeleo mara linapoingia Zotero au Mendeley: aina ya chanzo kwanza, kwa sababu sura ya kitabu ikiingia kama makala ya jarida hakuna marekebisho ya baadaye yatakayosaidia.

Kwa tasnifu ya Kiswahili, programu itatoa *et al.* na alama ya &. Usirekebishe kwa mkono katikati ya kazi, maana kila inapojisasisha inarudisha. Maliza kuandika, hifadhi nakala, kisha kwenye nakala hiyo tumia amri ya Zotero iitwayo "Unlink Citations" ndani ya Word, ndipo ubadilishe maneno yote kwa mara moja.

Orodha yenyewe isipangwe kwa namba. Chagua marejeleo yote, bonyeza kitufe cha A–Z, kisha Ctrl+T ili mstari wa kwanza ubaki ukingoni na inayofuata iingie ndani sentimita 1.27. Anayefanya hivyo kwa kubonyeza nafasi mara tano atalia atakapobadilisha ukubwa wa herufi.

Dalili: wazee waliohojiwa wamo kwenye orodha ya marejeleo

Tofautisha watu wawili. Mtaalamu uliyemwandikia baruapepe kuuliza jambo ni mawasiliano binafsi: anatajwa ndani ya matini tu, kwa jina, maneno "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili, na haingii kwenye orodha kwa kuwa msomaji hawezi kuipata baruapepe hiyo. Mzee uliyemhoji kama mshiriki wa utafiti wako si chanzo cha kurejelewa, ni data. Maneno yake yanaelezwa katika sura ya matokeo kwa msimbo, kwa mfano Mhojiwa 7, na jina lake linalindwa kama ulivyomwahidi alipokubali kuhojiwa. Mwanafunzi anayemweka kwenye orodha kwa jina kamili hajakosea umbo tu, amevunja ahadi.

Dalili: darasani wanapata zote, kwenye tasnifu wanakosa

Hili humshangaza mwalimu kuliko yote, na kisababishi ni zoezi lenyewe. Zoezi la kawaida humpa mwanafunzi mwandishi, mwaka, jina na mchapishaji vikiwa vimeshatenganishwa, naye anavipanga. Kitabu halisi hakiji hivyo. Mwaka umejificha nyuma ya ukurasa wa jina, katikati ya orodha ya chapa: toleo la kwanza mwaka fulani, kikachapwa tena mara nne. Mwaka unaotakiwa ni wa toleo ulilolishika, si wa chapa ya mwisho. Kuchapa tena hakubadilishi maneno, toleo jipya hubadilisha, na kurasa husogea.

Kwa hiyo leta vitu vyenyewe. Kila kundi la wanafunzi wanne lipate kitabu kimoja cha mwandishi mmoja, kitabu kimoja chenye mhariri na sura za watu mbalimbali, toleo la jarida, gazeti, na ripoti ya wizara au shirika. Dakika 40 zinatosha. Vikundi vikimaliza vibadilishane kazi na kuwekeana herufi N, L, K na W. Kitabu chenye mhariri ndicho kitakachowakwamisha, kwa sababu wengi wataandika jina la mhariri mahali pa mwandishi wa sura. Hapo simamisha darasa na uwaulize nani aliyeandika sentensi wanayotaka kuinukuu.